USS Neosho (AO-23), meli ya kujazia mafuta ya Vita vya Pili vya Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neosho ilitumika miaka isiyotimia mitatu. Ilinusurika shambulio la Wajapani kwenye bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, ikaangamia Bahari ya Matumbawe, kaskazini-mashariki mwa Australia, na makosa mawili ya utambuzi ndiyo yaliyoamua mwisho wake: adui aliitambua vibaya, kisha yenyewe ikatangaza mahali ambapo haikuwepo. Maswali mengi tunayoulizwa yanazunguka hapo hapo. Saa zilizotajwa ni za Kiswahili. Ukisoma kumbukumbu za jeshi utakuta 0842, nasi tunaandika saa 2:42 asubuhi.

Neosho ilikuwa meli ya aina gani?

Ilikuwa meli ya mafuta ya kuandamana na manowari, ya kundi la Cimarron, yaani meli zilizojengwa kwa mchoro mmoja. Herufi AO ndizo alama ya meli za mafuta katika Jeshi la Majini la Marekani, na 23 ni namba yake. Ujenzi ulianza tarehe 22 Juni 1938 katika karakana ya Federal Shipbuilding, Kearny, New Jersey. Ilishushwa majini 29 Aprili 1939 na kuingizwa rasmi jeshini 7 Agosti mwaka huohuo. Ilikuwa na urefu wa futi 553 (karibu meta 169) na upana wa futi 75 (karibu meta 23). Ikishiba mzigo, ilikaa ndani ya maji kiasi cha futi 32, yaani meta 9.8. Jina ni la mto unaopita Kansas na Oklahoma. Meli za mafuta za jeshi hilo zilipewa majina ya mito, kwa hiyo ukikutana na Platte, Sabine au Tippecanoe, usitafute mji.

Kwa nini meli ya mafuta ilihitaji kasi ya noti 18?

Kwa sababu ingebaki nyuma. Meli za kawaida za mafuta za miaka ya 1930 zilikwenda noti 10 hadi 12, yaani maili 10 hadi 12 za baharini kwa saa. Manowari za kubebea ndege zilizidi noti 30, na hata zikisafiri kwa utulivu zilitembea noti 15. Meli ya mafuta isiyoweza kufuata kundi inabidi itangulie siku kadhaa kabla na kungoja mahali palipopangwa, peke yake.

Serikali ya Marekani ilikubaliana na Standard Oil ya New Jersey ijenge meli 12 za kibiashara, serikali ikilipa gharama za ziada za injini kubwa na parafujo (rafadha) mbili. Amani ikidumu, kampuni ingebeba mafuta yake. Vita vikija, jeshi lingezichukua. Cimarron, Neosho na Platte hazikungoja vita, kwani jeshi lilizichukua mapema. Maumbo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba nne za kundi hilo (Sangamon, Suwannee, Chenango na Santee) mwaka 1942 zilifanywa manowari ndogo za kubebea ndege. Kwa waliobaki na kazi ya kujaza mafuta ilikuwa hasara, maana meli nne za kasi zilitoweka kwenye orodha wakati zilipohitajika kuliko wakati wowote.

Ilibeba mafuta kiasi gani, na ya aina gani?

Uwezo wa kundi hili ulikuwa takriban mapipa 146,000. Pipa moja la mafuta ni lita 159, hivyo ni kama lita milioni 23. Lori la tangi tunaloliona barabarani likipanda kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hubeba lita 38,000 hivi, kwa hiyo Neosho ilikuwa na mzigo wa malori zaidi ya 600 ndani ya chombo kimoja.

Mzigo ulikuwa wa aina mbili hasa. Mafuta mazito meusi yalikuwa ya kuchomwa kwenye maboila ya manowari. Hayo ni mazito mno yakipoa, kwa hiyo ndani ya matangi kulipitishwa mabomba ya mvuke ya kuyapasha moto, la sivyo pampu hazivuti. Petroli ya ndege ilikuwa ya manowari za kubebea ndege na viwanja vya nchi kavu. Mafuta mazito hayashiki moto kirahisi. Petroli ya ndege hutoa mvuke hata penye ubaridi, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hulipuka. Tofauti hii inaeleza mambo mengi ya baadaye.

Mafuta yalihamishwaje meli zikiwa mwendoni?

Ubavu kwa ubavu. Waingereza wakati huo walipendelea kuburuta mpira wa mafuta nyuma ya meli, na mpokeaji akaufuata kutoka shetri (upande wa nyuma). Ni salama zaidi lakini ni polepole. Wamarekani walichagua kutembea sambamba. Mbinu hiyo ilikuzwa kwenye meli ya mafuta Maumee mwaka 1917, ambako Chester Nimitz alikuwa afisa, walipozijaza destroya (manowari ndogo za kasi) zikivuka Atlantiki. Mwaka 1939 Nimitz huyohuyo aliongoza majaribio ya kuzijaza manowari kubwa, na vita vilipofika Pasifiki, Desemba 1941, akafanywa mkuu wa kundi zima la Marekani huko. Bahati kama hiyo haipatikani mara nyingi.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi wake, ulikuwa hivi.

Meli ya mafuta hushika mwelekeo mmoja na kasi moja, kwa kawaida kati ya noti 8 na 12, ikiwa imeelekea upepo au mawimbi kwa pembe inayopunguza kuyumba. Haibadilishi chochote, kwani yeye ndiye kipimo. Mpokeaji huja kutoka nyuma kwa kasi kidogo zaidi, kisha hupunguza akifika ubavuni, akibaki meta 15 hadi 25. Hapo ndipo mshika usukani huonyesha ufundi wake. Husahihisha nyuzi moja moja, na injini huongezwa au kupunguzwa mizunguko michache tu.

Kamba nyembamba ya kutupia hurushwa kwanza. Hiyo huvuta kamba ya kutangulizia iliyo nene zaidi, nayo huvuta kamba nzito ya manila inayofungwa upande wa omo (mbele) ili kusaidia meli zisiachane. Pamoja nazo hupita waya wa simu na kamba ya kupimia umbali, yenye vitambaa vya rangi kila baada ya futi kadhaa. Mpira wa mafuta hufuata. Huo ni vipande vilivyoungwa, wa inchi 4 kwa destroya na inchi 6 kwa meli kubwa, ukining'inia kwenye matandiko ya chuma chini ya boriti ya kunyanyulia. Kila tandiko lina kamba yake kwenye winchi, na mwenye winchi hulegeza meli zikitengana na kukaza zikikaribiana, ili mpira usikazike wala usiguse maji.

Mpira ukishaungwa, valvu ya mpokeaji hufunguliwa kwanza, kisha pampu huanza polepole. Ukifungua valvu ya mtoaji kabla ya ile ya pili kuwa wazi, msukumo wote huishia kwenye kiungo. Kazi ikiisha, pampu husimama, mpira hupulizwa hewa ili kutoa yaliyobaki, valvu hufungwa, na kila kitu hurudi kwa mpangilio wa kinyume. Mpokeaji huongeza mwendo na kutoka mbele kwa pembe ndogo. Akikata kona ghafla, shetri yake huzunguka na kuigonga meli ya mafuta.

Ni nini hasa huharibika katika kazi hiyo?

Kubwa ni kuvutana. Maji yanayobanwa kati ya meli mbili hukimbia haraka zaidi na msukumo wake hupungua, hivyo meli hujongeleana katikati. Huku kwenye omo msukumo ni mkubwa na huifukuza pua nje. Nahodha mgeni huona pua inatoka, hugeuza usukani kuirudisha, na dakika inayofuata ubavu wake umeshavutwa. Ndiyo maana kwa kila mwendo kuna umbali ambao ni hatari kuukaribia zaidi.

Nyingine ni mpira kukatika, na sitaha kugeuka utelezi mweusi ambao mtu hawezi kusimama juu yake. Tangi la mpokeaji hujaa bila kutazamwa, mafuta yakapanda kwa mabomba ya kupumulia. Maji ya bahari huingia kwenye mafuta, moto wa boila ukazimika njiani. Kisha kuna nyambizi: meli mbili zilizofungamana kwa noti 10, mwelekeo mmoja, kwa saa nzima au zaidi, ni shabaha ambayo adui angeomba. Kwa sababu hiyo mtu mwenye shoka husimama karibu na kamba ya manila muda wote.

Neosho ilikuwa wapi shambulio la Pearl Harbor lilipoanza?

Pabaya kuliko pote. Iliwasili tarehe 6 Desemba 1941 na petroli ya ndege, ikafunga gati ya mafuta ya kisiwa cha Ford, katikati ya safu ya manowari kubwa. California ilikuwa upande mmoja, Oklahoma na Maryland upande wa pili. Kupakua mzigo wa uwanja wa ndege wa Ford kulikuwa kumekamilika mabomu yalipoanza kuanguka asubuhi ya tarehe 7.

Wengi huuliza: kama ilikuwa tupu, hatari ilikuwa wapi? Tangi la petroli lililotoka kupakuliwa ni baya kuliko lililojaa. Lililojaa halina hewa ya kutosha kulipuka, ilhali tupu limejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa. Bomu moja pale gatini lingewasha meli, gati na matangi ya nchi kavu, na mabaharia wa Oklahoma iliyokuwa inapinduka walikuwa majini jirani kabisa.

Nahodha wake, Komanda John S. Phillips, hakungoja mashua za kuvuta. Kamba zilikatwa kwa shoka, na saa 2:42 asubuhi meli ilikuwa imeanza kurudi nyuma kutoka gatini, ikipita karibu na Oklahoma na kuelekea Merry Point huku mizinga yake ikifyatua. Watu watatu walijeruhiwa kwa risasi za ndege. Kuondoka huko kulifungua pia nafasi kwa Maryland. Phillips alipewa nishani ya Navy Cross. Watu hupenda kuzungumzia manowari za asubuhi ile, lakini kuitoa meli ya meta 169 kinyumenyume, bila msaada, bandarini mwenye moto, ni kazi ya unahodha isiyo na mfano mwingi siku hiyo.

Ilifanya nini Bahari ya Matumbawe kabla ya kupigwa?

Ilifanya kazi yake, na ratiba ya vita ikafuata ratiba ya mipira ya mafuta. Tarehe 1 Mei 1942 makundi ya manowari za Marekani za kubebea ndege, Yorktown na Lexington, yalikutana kaskazini-magharibi mwa New Caledonia. Kundi la Yorktown lilijazwa na Neosho na kumaliza siku iliyofuata. Kundi la Lexington lilikuwa likijazwa na Tippecanoe, nalo likatoa taarifa kwamba halitamaliza kabla ya tarehe 4. Admeri Fletcher, mkuu wao, hakungoja. Akaishambulia Tulagi, kisiwa kilichotekwa na Wajapani, tarehe 4 na Yorktown peke yake. Ukisoma kwamba manowari moja tu ilipiga Tulagi ilhali zilikuwapo mbili, sababu ni hiyo: nyingine ilikuwa kwenye foleni ya mafuta.

Tippecanoe ilipelekwa kisiwa cha Efate na mafuta yaliyobaki. Tarehe 6 Mei Neosho iliijaza Yorktown na kruza (manowari ya ukubwa wa kati) Astoria, kisha ikaagizwa kwenda kusini kungoja mahali palipopangwa, ikisindikizwa na destroya moja tu, Sims. Kusini palihesabiwa kuwa mbali na hatari.

Wajapani waliwezaje kudhani meli ya mafuta ni manowari ya kubebea ndege?

Saa 1:22 asubuhi ya 7 Mei, ndege ya upelelezi ya Shokaku, manowari ya Kijapani ya kubebea ndege, iliripoti meli za Marekani maili 163 kusini. Saa 1:45 ikathibitisha: manowari moja ya kubebea ndege, kruza moja, destroya tatu. Kilichokuwepo ni Neosho na Sims. Kutoka juu, meli ndefu yenye sitaha ndefu iliyonyooka, ikifuatwa na chombo kidogo cha vita, inafanana na kile ambacho rubani ametumwa kukitafuta.

Shokaku na mwenzake Zuikaku zikarusha ndege 78: za kivita 18, za mabomu ya kupiga mbizi 36, na za torpido 24. Zilifika saa 3:15, zikaona meli ya mafuta, zikazunguka kwa muda mrefu kutafuta manowari zisizokuwepo. Saa 4:51 wapelelezi walitambua kosa lao. Wakati huo taarifa sahihi kuhusu mahali alipo Fletcher ilikuwa imeshafika kutoka ndege nyingine, lakini kundi la mashambulizi lilikuwa limekwenda upande usiofaa. Saa 5:15 ndege za torpido na za kivita ziligeuka kurudi. Zile 36 za mabomu zilibaki na kushambulia kilichopatikana.

Wamarekani wasicheke. Asubuhi ileile rubani wa Yorktown aliripoti manowari mbili za kubebea ndege na kruza nne, kumbe kosa lilikuwa kwenye ufunguo wa maandishi ya siri. Alikusudia kusema kruza mbili na destroya nne. Fletcher naye alirusha ndege 93 kwa taarifa hiyo. Tofauti ni kwamba ndege zake zilikutana na Shoho, manowari ndogo ya Kijapani ya kubebea ndege, njiani na kuizamisha saa 5:35.

Neosho na Sims zilipigwaje?

Ndege nne ziliifuata Sims, zilizobaki zikaiangukia Neosho. Sims ilipigwa mabomu matatu, ikakatika vipande viwili na kuzama papo hapo. Kati ya watu 192 walionusurika walikuwa 14. Neosho ilipigwa mabomu saba, mengine yakaanguka karibu kabisa na ubavu, na ndege moja iliyokwisha kupigwa na mizinga yake ikajibwaga juu ya meli. Moto ulishika sehemu ya nyuma. Mvuke ulikatika, na mvuke ukikatika kila kitu husimama: injini, pampu za kuzimia moto, umeme, redio.

Mbona haikulipuka wala kuzama?

Kwa sababu tatu, na wasomaji wengi hutaja moja tu. Mzigo uliobaki ulikuwa hasa mafuta mazito, yanayowaka polepole. Pili, matangi mengi yalikuwa yamemwagwa kwenye meli nyingine siku iliyotangulia, na tangi tupu lililofungwa ni boya. Tatu ni umbo lenyewe: meli ya mafuta imegawanywa kwa kuta za urefu na za upana, hivyo bomu hutoboa chumba kimoja au viwili na maji hayafiki kwingine.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Meli ililala upande, na uti wake ulikuwa umechoka. Kila wimbi lililopita chini lilikunja na kukunjua mabati yaliyopasuka, na waliokuwa juu yake waliweza kuona kwamba huenda ikakatika katikati. Kuinyoosha kulihitaji kuingiza maji upande wa pili kwa kufungua valvu kwa mikono, kwani pampu hazikuwepo. Kila tani ya maji unayoiingiza kunyoosha meli ni tani ya uwezo wa kuelea unayoipoteza. Phillips alikuwa na nafasi ndogo ya kuchezea hapo.

Oscar Peterson alifanya nini?

Alikuwa fundi mkuu wa maboila na kiongozi wa timu ya ukarabati. Mabomu yalijeruhi timu yake yote na yeye mwenyewe vibaya. Mvuke ukivuja kwa nguvu, aliingia peke yake na kufunga valvu za mabomba makuu ya mvuke kwenye kuta za ndani, akizidi kuungua. Mvuke wa boila hauonekani pale unapotoka. Mtu huuhisi tu mwilini. Aliokolewa pamoja na wengine lakini akafariki 13 Mei. Alitunukiwa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, na manowari ya kusindikiza Peterson (DE-152) ikapewa jina lake. Familia ilikabidhiwa nishani hiyo kwa hafla rasmi Aprili 2010, miaka 68 baadaye.

Kosa la mahali lilikuwa kubwa kiasi gani?

Kabla ya umeme kukatika, Neosho ilitangaza kuwa iko latitudo 16°25' Kusini, longitudo 157°31' Mashariki. Mahali halisi palikuwa 16°09' Kusini, 158°03' Mashariki. Ukitaka kupiga hesabu mwenyewe: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo tofauti ya kaskazini-kusini ni maili 16. Dakika ya longitudo kwenye latitudo hiyo ni kama maili 0.96, hivyo dakika 32 ni takriban maili 31. Ulalo wake ni karibu maili 35.

Maili 35 zinasikika ndogo mpaka uanze kutafuta. Duara lenye nusu kipenyo cha maili 35 lina eneo la karibu maili 3,850 za mraba, na meli isiyo na injini haikai pale. Upepo na mkondo huisogeza saa baada ya saa, na kosa hukua. Destroya Monaghan ilitumwa kutafuta, ikaenda mahali palipotajwa na haikuona kitu.

Waliokufa walikuwa wangapi, na kwa nini wengi walikufa baada ya shambulio?

Hapa ndipo penye uchungu. Phillips aliagiza watu wajiandae kuiacha meli na wasubiri. Katika moshi na kelele, agizo la kujiandaa lilisikika kama agizo la kuondoka. Wengi wakaruka, vyelezo vikatupwa majini, mashua zikashushwa. Mashua zilirudisha baadhi, giza likaingia, na vyelezo vikapelekwa na upepo. Hesabu ya nahodha baadaye ilikuwa na watu zaidi ya 150 wasiojulikana walipo, wengi kuliko waliouawa na mabomu yenyewe.

Watu 68 walifunga vyelezo vyao pamoja, wakiwa na maji na chakula kidogo mno. Destroya Helm ilivipata tarehe 16 Mei. Waliokuwa hai walikuwa wanne, na wawili kati yao walifariki baada ya kuokolewa. Waliobaki kwenye meli iliyoonekana kama inakufa ndio waliopona.

Ilizama lini na vipi?

Tarehe 11 Mei 1942. Ilikuwa imeelea siku nne. Ndege ya Australia iliiona kwanza, kisha ndege ya Catalina ya Marekani, na saa 7 mchana destroya Henley ikafika. Iliwachukua watu 123, yaani 109 wa Neosho na 14 wa Sims, halafu ikaizamisha kwa mizinga. Kuivuta kulikuwa hakuwezekani, na kuiacha ikielea kungekuwa kumpa adui kitu cha kuchunguza.

Kupotea kwake kulibadilisha vita?

Kwa siku moja, kulikuwa faida kwa Wamarekani: shambulio kubwa la kwanza la Shokaku na Zuikaku lilimwagwa juu ya meli ya mafuta huku Shoho ikizamishwa. Kwa siku zilizofuata, ilikuwa hasara. Fletcher hakuwa na meli nyingine ya mafuta karibu. Tukumbuke pia kwamba matumizi ya mafuta kwa saa hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi. Destroya inayotoka noti 15 kwenda 25 huunguza kama mara nne na nusu zaidi, na vitani hakuna anayetembea noti 15. Lexington ilipopotea tarehe 8 na Yorktown kujeruhiwa, kuondoka kusini kulikuwa uamuzi wa kijeshi, lakini matangi yalikuwa yameshasema vivyo hivyo.

Je, Neosho iliwahi kufika Afrika Mashariki?

Hapana. Uhusiano upo kwa upande wa walioipiga. Shokaku na Zuikaku, mwezi mmoja kabla, zilikuwa Bahari ya Hindi. Tarehe 5 Aprili 1942 zilishiriki kuipiga Colombo, tarehe 9 Trincomalee, na siku hiyo meli za mafuta Athelstane na British Sergeant zilizamishwa pwani ya Ceylon (Sri Lanka ya leo). Ni kwa sababu ya uvamizi huo Waingereza walirudisha kundi lao la Mashariki hadi Kilindini, Mombasa.

Nawezaje kupata kumbukumbu za meli hii au za babu aliyehudumu humo?

Anza na Hifadhi ya Taifa ya Marekani, kituo cha College Park, Maryland. Omba vitu vitatu kwa majina yake: shajara ya vita ya meli, ripoti ya mapigano ya Mei 1942, na orodha za mabaharia. Ripoti ya nahodha ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa siku hizo nne. Usitegemee kitabu cha sitaha cha siku za mwisho, maana meli ikizama, mara nyingi kitabu kinachoandikwa huzama nayo.

Faili za mtu binafsi ziko St. Louis, Missouri, na huombwa kwa fomu SF-180. Utasikia kwamba ziliungua mwaka 1973. Moto ule uliteketeza faili za Jeshi la Nchi Kavu na la Anga. Za Jeshi la Majini hazikuguswa, kwa hiyo usikubali jibu hilo. Andika jina kamili, namba ya utumishi kama unayo, na tarehe ya kuzaliwa.

Nimekuta Neosho kwenye rekodi ya 1944. Imewezekanaje?

Ni meli nyingine. Jina lilirudishwa mwaka huohuo wa 1942 kwa AO-48, na mwaka 1954 kwa AO-143, iliyoanzisha kundi lake lenyewe. Kabla ya zote kulikuwa na chombo cha mtoni cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, cha 1863. Picha nyingi zinazosambazwa kwa jina la AO-23 ni za hizo za baadaye. Tazama namba iliyoandikwa omoni kabla ya kuamini maelezo yaliyo chini ya picha, na kama namba haisomeki, tazama tarehe: baada ya 11 Mei 1942 haiwezi kuwa yenyewe.